Dhahabu ni Yetu, Kelele ni Zetu, Timu ni za Wengine

Jumamosi jioni hapa Kahama huhitaji ratiba kujua kama Simba au Yanga wanacheza. Pita Majengo, pita Nyasubi, shuka mpaka Malunga: bodaboda zimepungua barabarani, na zile zilizopo zimeegeshwa nje ya kibanda umiza. Mlangoni kuna ubao ulioandikwa kwa chaki, saa ya mechi na kiingilio, Sh 500 au 1,000 ikiwa mechi ni kubwa. Ndani ni mabenchi, joto na feni moja inayozunguka taratibu. Mchimbaji aliyetoka Mwime na vumbi la karasha bado liko kwenye suruali amekaa bega kwa bega na mwalimu wa sekondari. Mmoja kavaa nyekundu, mwingine kijani na njano, na wote wawili sauti imewakauka kabla ya mapumziko.

Timu wanazozipigia kelele zina makao Kariakoo, karibu kilomita elfu moja kutoka hapo walipokaa. Sioni kosa katika hilo. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 ni mali ya Watanzania wote, na baba zetu walizipenda kupitia redio kabla sisi hatujazaliwa. Kinachoniumiza ni kitu kingine. Muulize kijana wa hapo kibandani akutajie wachezaji watatu wa timu yoyote ya mkoa wa Shinyanga. Mara nyingi ataanza kufikiri, kisha atacheka, kisha atabadilisha mazungumzo.

Wengi husema Wasukuma hatuna moyo na timu za nyumbani, au kwamba vijana wetu hawana viwango. Nakataa yote mawili. Timu za ukanda huu wa madini zinakufa kwa sababu mbili zinazoweza kurekebishwa: jinsi fedha za ligi zinavyogawanywa, na jinsi tunavyoruhusu timu iuzwe na kuhamishwa mkoa bila watu walioilea kuulizwa neno. Mambo hayo mawili yakiachwa yalivyo, Kahama itabaki kuwa soko la jezi na vingamuzi, mji wa kushangilia tu.

Kutoka timu tano hadi moja

Turudi msimu wa 2016/17. Ligi Kuu ilikuwa na timu 16, na tano kati ya hizo zilikuwa za Kanda ya Ziwa: Kagera Sugar, Mwadui, Stand United, Mbao na Toto Africans. Mbili kati ya tano hizo zilitoka mkoa wetu wa Shinyanga. Mwadui ilichezea kwenye uwanja wa mgodi wa almasi kule Kishapu, na Stand United kwenye Uwanja wa Kambarage, Shinyanga mjini. Msimu huohuo Mbao, timu iliyoanzishwa na wauza mbao wa Mwanza, iliitoa Yanga kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho pale Kirumba, ikaenda kuisumbua Simba kwenye fainali mjini Dodoma mpaka muda wa nyongeza.

Sasa tazama msimu wa 2025/26. Timu bado ni 16. Ya Kanda ya Ziwa ni moja tu, Pamba Jiji. Toto Africans ilishuka 2017. Stand United ilifuata 2019. Mbao na Alliance zilishuka 2020, Mwadui na Gwambina ya Misungwi mwaka mmoja baadaye. Biashara United ya Mara iliwahi kushinda mechi ya mkondo wa kwanza ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2021 kwa mabao mawili, ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa mechi ya marudiano na kuondolewa mashindanoni. Mwaka uliofuata ikashuka daraja. Geita Gold ilishuka 2024. Kagera Sugar, ambayo tulidhani haiwezi kuyumba, ilishuka 2025.

Je, vipaji viliisha ghafla kuanzia Misenyi mpaka Kishapu? Haiwezekani. George Mpole alifunga mabao 17 akiwa Geita Gold msimu wa 2021/22 na kuwa mfungaji bora wa ligi, akimpita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Msimu huo Geita ilimaliza nafasi ya nne, mara yake ya kwanza kabisa kucheza Ligi Kuu. Miaka miwili tu baadaye timu ileile ilikuwa daraja la pili kutoka juu. Timu haianguki hivyo kwa kukosa vipaji peke yake. Huanguka kwa kukosa msingi wa fedha unaoweza kuibeba mfungaji bora anapoondoka, kocha anapoitwa kwingine, au mdhamini mmoja anapopunguza mkono.

Chama la Wana

Kisa cha Stand United kinastahili kusimuliwa polepole, maana humo mna kila kitu.

Hii ni timu iliyozaliwa stendi ya mabasi Shinyanga. Wapiga debe, mawakala, wauza maji na watu wa vibanda walichangishana wakaunda timu, wakaipa jina la mahali wanapopatia riziki, na mashabiki wakaiita Chama la Wana. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014. Wanaokumbuka Kambarage siku hizo wanajua ilivyokuwa. Mechi ya saa kumi, watu walianza kuingia saa sita. Mabasi madogo yalitoka Kahama, Tinde, Maganzo na Kishapu. Mama lishe wa karibu na uwanja walichinja kuku wa ziada, gesti zilijaa, na bajaji zilipandisha nauli bila mtu kulalamika. Simba au Yanga walipokuja, mji mzima ulipata fedha kwa siku mbili.

Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikiendesha Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara, ilikubali kuidhamini Stand United kwa Sh bilioni 2.4 kwa miaka miwili. Kwa timu ya wapiga debe, hizo zilikuwa fedha za kubadili maisha. Alikuja mpaka kocha Mfaransa, Patrick Liewig. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Wanachama walisema timu ni yao. Kundi lingine lilikuwa limesajili kampuni kwa jina lilelile na kusema kampuni ndiyo yenye timu. Kukawa na Stand mbili, kila moja na viongozi wake, kila moja ikitaka kushika kalamu ya kuidhinisha malipo. Mwaka 2016 Acacia ilijitoa.

Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa hata daftari lilikuwa linagombewa. Timu haikufa siku hiyo. Ilijikongoja misimu mingine mitatu, na ikiwa kwenye Ligi ya Championship imerudi kupigania nafasi ya kupanda, jambo linalonipa moyo. Lakini wakati wa kujenga ulipita. Hakukujengwa uwanja, hakukujengwa shule ya soka, wala hakukuachwa akaunti ya akiba. Mabilioni ya mgodi yalifika kwa timu isiyokuwa na mwenyewe anayejulikana, na yakaondoka yakiiacha palepale.

Nasimulia haya kwa sababu kila tunapozungumzia timu Kahama, sentensi ya kwanza huwa ni: migodi itusaidie. Migodi ina wajibu huo, na tangu sheria ya madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017 kampuni zinatakiwa kupanga mchango wao kwa jamii pamoja na halmashauri. Lakini penye miti hapana wajenzi. Dhahabu imetoka Bulyanhulu na Buzwagi miaka yote hii, na Kahama haina timu Ligi Kuu. Buzwagi imeshamaliza uchimbaji. Mgodi una mwisho wake, na timu inayotegemea mgodi peke yake imeshapangiwa siku ya kufa.

Ililala Mbarali, ikaamka Singida

Kuna njia ya mkato ambayo siku hizi inasifiwa sana: mji usio na timu unatafuta tajiri, tajiri anainunua timu ya mji mwingine iliyokwisha kupanda, anaibadilisha jina na kuihamisha. Nimesikia watu wa hapa Kahama wakisema, kwa nini na sisi tusifanye hivyo?

Singida imefanya. DTB, timu ya benki kutoka Dar es Salaam, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2022, ikahamia Singida na kuitwa Singida Big Stars. Mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 ikaondoka Singida, ikapita Mwanza, ikaishia Babati mkoani Manyara kwa jina la Fountain Gate. Wakati huohuo Ihefu ya Mbarali, Mbeya, ikapelekwa Singida na sasa ndiyo Singida Black Stars. Kitayosce yenye asili ya Kilimanjaro ilihamia Tabora, ikawa Tabora United, na mwaka 2025 ikageuzwa TRA United. Shabiki wa kawaida anahitaji kalamu na karatasi kufuata mlolongo huu.

Watu wa Singida wamefaidi, nakubali. Black Stars ilimaliza nafasi ya nne msimu wa 2024/25 na Uwanja wa Liti umechangamka. Sitaki kuwanyima furaha yao.

Lakini nani amewauliza watu wa Ubaruku, nyumbani kwa Ihefu kule Mbarali? Ihefu ndiyo iliyoifunga Yanga mabao 2-1 tarehe 29 Novemba 2022 kwenye Uwanja wa Highland Estates na kukatisha rekodi ya Yanga ya kucheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Timu ya wakulima wa mpunga, kwenye uwanja uliozungukwa na mashamba, ilifanya kile ambacho Simba na Azam walishindwa. Msimu uliofuata iliifunga Yanga tena hapohapo. Mtoto wa Mbarali aliyekuwa na umri wa miaka kumi siku ile alipata kitu cha kusimulia maisha yake yote. Miezi michache baada ya ushindi wa pili timu yake ikachukuliwa. Hakukuwa na kura wala mkutano wa hadhara ambao wananchi wangeweza kusema hapana. Mtoto huyo sasa amebaki na nini? Amebaki na Simba na Yanga, kama sisi wa Kahama.

Waingereza waliwahi kupita njia hii. Mwaka 2002 klabu ya Wimbledon ya London ilipewa ruhusa ya kuhamia Milton Keynes. Mashabiki waliobaki waliunda timu mpya, AFC Wimbledon, wakaanzia kwenye madaraja ya chini. Mwaka 2011 wakarudi kwenye ligi za kulipwa, na mwaka 2020 wakarudi nyumbani mtaa wa Plough Lane. Walikuwa na ligi za chini zinazoeleweka na viwanja vya kuchezea. Watu wa Ubaruku wangeanzia wapi?

Kwa hiyo wanaotaka Kahama inunue timu iliyopanda wajiulize: tutamnyang'anya nani? Na tajiri huyo akichoka nasi baada ya misimu miwili, atatuaga?

Fedha zinakwenda wapi

Timu hazihami kwa kupenda safari. Zinafuata fedha, na fedha za mpira wetu zinatoka sehemu tatu: televisheni, wadhamini na mlangoni.

Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania lilisaini na Azam Media mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Mwaka 2023 benki ya NBC ikaongeza udhamini wake kwa miaka mitano, Sh bilioni 32.6. Hizi ni fedha ambazo ligi yetu haikuwahi kuziota. Mwaka 2013, Azam TV ilipoingia, kila klabu iliahidiwa Sh milioni 100 kwa msimu, na Yanga ikaukataa mkataba ule. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba haiwezekani klabu yenye mamilioni ya mashabiki ipate fungu sawa na klabu ya mkoani. Hoja hiyo haijafa. Unaisikia mpaka leo kwenye vipindi vya michezo asubuhi: wakubwa ndio wanaoleta watazamaji, basi wakubwa wale zaidi.

Tuipime hoja hiyo kwa haki. Ni kweli kwamba kibanda cha Nyasubi kinajazwa na Simba na Yanga. Lakini Simba haichezi peke yake. Ili Yanga iwe bingwa lazima kuwe na timu nyingine 15 za kufungwa, kutoka sare, na mara mojamoja kuishangaza. Mechi ambazo kila msimu zinakumbukwa ni zile ambazo mdogo amekataa kufungwa. Ukiwanyima wadogo fedha mpaka washindwe kulipa mishahara, unaua bidhaa yako mwenyewe. Tangu mwaka 2001 kombe limetoka mikononi mwa Simba na Yanga kwenda kwa timu moja tu ya tatu, Azam, msimu wa 2013/14. Kabla ya hapo Tukuyu Stars ilikuwa bingwa mwaka 1986, Coastal Union 1988, na Mtibwa Sugar ikashinda 1999 na 2000. Mji mdogo kama Tukuyu ulitoa bingwa wa nchi. Leo ukisema hivyo kijiweni, vijana wanadhani unatania.

Mlangoni ndiko kunakouma zaidi. Zamani, baada ya kutoa kodi, gharama za uwanja na makato mengine, mapato yaligawanywa kati ya mwenyeji na mgeni. Timu ya mkoani ilipokwenda Dar es Salaam kucheza na Simba mbele ya uwanja uliojaa, ilirudi na chochote cha kulipia nauli. Siku hizi mapato ni ya mwenyeji. Kwa maneno makavu: timu ndogo inasafiri kilomita elfu moja, inalipa basi na hoteli, inacheza mbele ya maelfu, na inarudi mikono mitupu. Ina mechi mbili tu kwa msimu zinazoweza kujaza uwanja wake, Simba wakija na Yanga wakija. Mgeni njoo mwenyeji apone.

Na hata mechi hizo mbili zinahamishwa. KMC ya Kinondoni iliwahi kuipeleka mechi yake ya nyumbani dhidi ya Yanga mpaka Songea, mwaka 2021, kufuata mashabiki. Naelewa hesabu yao. Lakini huko ndiko kunakoanzia mazoea ya kuona uwanja wa nyumbani kuwa popote penye tiketi nyingi. Leo unahamisha mechi, kesho unahamisha timu.

Wadhamini nao wana mambo yao. Novemba 2021 kampuni ya GSM, ambayo ni mdhamini wa Yanga, ilisaini kuwa mdhamini mwenza wa ligi kwa Sh bilioni 2.1 kwa miaka miwili. Simba wakakataa kuvaa nembo ya mdhamini wa watani wao. Kila upande ulikuwa na hoja zake. Februari 2022 GSM ikajitoa, na klabu 14 ambazo hazikuwa na ugomvi na mtu zikakosa fungu lao. Wapiganapo tembo ziumiazo nyasi. Tulirudia somo hilohilo tarehe 8 Machi 2025, mechi ya watani ilipoahirishwa siku yenyewe kwa sababu ya mvutano juu ya mazoezi uwanjani. Ikachezwa tarehe 25 Juni. Nchi nzima ilizungumza juu ya klabu mbili kwa zaidi ya miezi mitatu. Nani alizungumza juu ya timu zilizokuwa zikishuka daraja?

Wamarekani wamefika mbali zaidi

Anayedhani tatizo hili ni la umaskini wetu atazame Marekani, ambako mpira wao wa miguu wa vyuo vikuu, ule wa kubeba kwa mikono, ni mkubwa kuliko ligi nyingi za dunia. Vyuo hupangwa katika majumuiya ya kimkoa, na kwa zaidi ya miaka mia watani walikuwa majirani. Kisha televisheni ikapanda dau. Mwaka 2022 jumuiya ya Big Ten ilisaini mikataba ya matangazo ya zaidi ya dola bilioni saba kwa miaka saba. Vyuo vya magharibi, pwani ya Pasifiki, vikaanza kuhama kufuata fedha hizo: USC na UCLA kwanza, kisha Oregon na Washington, na wengine wakafuata kwenda kwingine. Jumuiya yao ya Pac-12 ikabaki na vyuo viwili kati ya kumi na viwili. Timu ya Los Angeles sasa inavuka bara zima kwenda kucheza na majirani wapya walioko New Jersey. Oklahoma na Oklahoma State, watani waliokuwa wakikutana tangu mwaka 1904, walicheza mechi yao ya mwisho Novemba 2023, kisha Oklahoma ikahamia jumuiya nyingine na utani ukasimama. Kwa upande wa wachezaji kuna la kujifunza: tangu mwaka 2025, baada ya kesi ndefu mahakamani, kila chuo kinaruhusiwa kuwagawia wanamichezo wake mapato, mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Fedha ziliongezeka, wachezaji wakapata haki yao, na mashabiki wa miji iliyoachwa wakabaki na viwanja.

Lakini nchi hiyohiyo ina mfano mwingine. Ligi yao ya kulipwa, NFL, tangu mwaka 1961 hugawa sawa fedha za mikataba mikubwa ya televisheni kwa kila timu, ya New York na ya mji mdogo. Ndiyo maana Green Bay, mji wa watu laki moja na ushei, una timu iliyotwaa ubingwa mara nyingi na haijawahi kuhama. Timu hiyo ni ya wananchi wenye hisa, na hakuna tajiri anayeweza kuamka asubuhi akaiuza. Wamarekani hawana huruma katika biashara, kila mtu anajua. Waligawana sawa kwa sababu waliona kwamba ligi yenye timu zinazoshindana inauza zaidi kuliko ligi yenye mbabe mmoja.

Utani wetu wenyewe

Sisi Wasukuma hatukufundishwa ushabiki na redio. Tangu enzi za waganga wawili mashuhuri wa ngoma, Ngika na Gumha, Usukuma umegawanyika katika Wagika na Wagalu. Baada ya mavuno, makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Miguu ya watazamaji ndiyo inayohukumu. Kuna dawa, kuna nyoka, kuna mbwembwe za kila aina, na kuna majirani wasiosemeshana siku mbili kwa ajili ya ngoma. Mpaka leo sherehe za ngoma za Bulabo kule Bujora huvuta umati kila Juni.

Utani wa namna hiyo unawalisha watu wa palepale. Aliyeshinda ni wa kijiji cha pili, aliyeshindwa unakutana naye mnadani. Mwadui na Stand United zilitupa utani huo kwa misimu minne, wana wa almasi dhidi ya wana wa stendi, na fedha ya kiingilio, ya maji, ya kuku na ya nauli ilizunguka ndani ya mkoa. Leo fedha ya ushabiki ya kaya ya Kahama inatoka nje yote: malipo ya king'amuzi, jezi mpya kila Agosti, na mikeka inayochanika kila Jumapili usiku. Baba anayewanunulia jezi watoto wake watatu haoni ajabu kwamba shule yao haina goli lenye nyavu. Kijana mwenye kipaji anaishia mashindano ya vijijini ya kugombea ng'ombe, kisha duarani kuchimba, kwa sababu hakuna timu ya karibu yenye mtu wa kumwona.

Ninachoomba

Kwa Shirikisho na Bodi ya Ligi: rudisheni fungu la mgeni katika mapato ya mlangoni, hata kama ni dogo, na wekeni kanuni kwamba klabu ikihamia mkoa mwingine inaacha nafasi yake ya ligi na kuanza chini. Anayetaka timu Singida, Babati au Kahama ailee kutoka chini kama wapiga debe wa Shinyanga walivyofanya. Katika fedha za televisheni, sehemu kubwa igawanywe sawa. Bingwa ana zawadi yake, Sh milioni 500 kwa mpango wa mwaka 2021, mara mbili ya mshindi wa pili, na hiyo inamtosha.

Kwa madiwani wa Manispaa ya Kahama na wenzenu wa Msalala na Ushetu: mnapokaa na kampuni za madini kupanga fedha za jamii, msinunue timu. Jengeni uwanja mmoja wenye nyasi na uzio, lipeni makocha wa vijana, na andikeni katiba ya klabu ya wanachama yenye hesabu zinazosomwa hadharani kila mwaka, ili yaliyotokea Shinyanga mwaka 2016 yasijirudie hapa. Timu ianze ligi ya mkoa. Ikichukua miaka minane kupanda, ichukue.

Kwako msomaji unayeshabikia Simba au Yanga, endelea kushabikia. Lakini ligi ya wilaya inachezwa, na kiingilio chake hakizidi cha kibandani. Nenda Jumapili hii na mwanao, lipa, kaa mpaka mwisho, kisha mkutano ujao wa kata muulize diwani wako uwanja umefikia wapi.